Pumzi Sita kwa Dakika

Hospitali niliyoanzia kazi ilikuwa na kabati dogo la mbao ukutani, lenye makufuli mawili. Wauguzi tuliliita kabati la DDA, kwa ufupisho wa sheria ya dawa za hatari tuliyoachiwa na Waingereza. Sheria zimebadilika tangu hapo, lakini jina hilo ungali unalisikia wodini mpaka leo. Ndani mlikuwa na vitu vichache mno ukilinganisha na hofu iliyolizunguka: paketi ya ampuli za morfini, paketi ya pethidini, na daftari lenye jalada gumu. Kila sindano iliyotoka humo iliandikiwa tarehe, saa, jina la mgonjwa na kipimo, kisha watu wawili wakatia sahihi. Ampuli ikidondoka ikapasuka, vigae viliokotwa vikatiwa kwenye bahasha mpaka Sista msimamizi avione kwa macho yake. Hesabu ya asubuhi isipolingana na ya usiku, hakuna aliyekwenda nyumbani.

Ampuli, basi, zilihesabiwa barabara. Pumzi za mtu aliyechomwa ampuli hiyo hazikuwa na safu yake kwenye daftari lile.

Ilikuwa hospitali ya misheni, hapa uwanda wa juu wa Ufipa. Jina lake naliacha, kwa kuwa baadhi ya niliofanya nao kazi wako hai na sina ugomvi nao. Mimi ni mzaliwa wa Mpui. Nilisomea uuguzi mbali, nikarudi nyumbani. Mkoa wa Rukwa ulikuwa bado mchanga, umeundwa mwaka 1974, na Sumbawanga ilikuwa makao makuu kwa jina kuliko kwa sura: kanisa, soko, maghala ya mahindi, na mabasi yaliyoingia jioni yakiwa na rangi moja tu, ya vumbi. Barabara ya kwenda Tunduma haikuwa na lami. Masika ikikolea, dawa zilizotarajiwa Jumatatu zilifika Jumatatu nyingine, kama zilifika. Tulikuwa tumelelewa na habari za Adrien Atiman wa Karema, yule aliyetekwa utotoni huko karibu na Timbuktu, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea udaktari Malta, akatibu watu kando ya Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Ukilalamika kwamba dawa hakuna, mzee mmoja msaidizi wa wodi alizoea kukujibu kuwa Atiman alikuwa na chache zaidi. Jibu hilo halikumsaidia mgonjwa hata mmoja, lakini lilitunyamazisha.

Watu wa pwani wakisikia Sumbawanga huuliza habari za radi na uchawi. Mimi nikiulizwa cha kuogopa pale, nasema baridi ya mwezi wa saba. Na baridi hiyo ina sehemu yake katika haya ninayosimulia.

Ilikuwa kipupwe, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lori lililobeba samaki wakavu, na abiria wamekaa juu ya magunia, lilipinduka kwenye mteremko wa kuingia bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Muze. Majeruhi waliletwa usiku umeshaingia, wamelazwa nyuma ya Land Rover iliyo wazi. Bondeni ziwa liko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko kwenye mita 1,800 hivi. Safari hiyo ni kupanda kutoka joto la mbu na michikichi hadi upepo unaochuna ngozi, nao walikuwa na mashati tu.

Mmoja wao, mwanamume wa makamo, alikuwa amevunjika paja la kushoto. Mfupa wa paja ukivunjika, damu lita moja na zaidi inaweza kujikusanya ndani ya nyama bila tone kutoka nje, na paja lake lilikuwa limevimba hadi suruali ikabidi ichanwe kwa mkasi. Mikono ilikuwa ya baridi, kucha zimepauka, mapigo ya moyo membamba na ya mbio, presha inasikika kwa taabu. Alikuwa akilia kwa sauti ya chini, mfululizo, kama mtu anayejisemea. Daktari aliagiza morfini miligramu 10 ichomwe kwenye msuli. Dripu ilikuwa bado inatafutiwa njia, maana mishipa yote ilikuwa imejificha. Nusu saa ikapita, kilio kile kile. Zikaongezwa miligramu 10. Baadaye, zamu ilipobadilika, zikaongezwa nyingine 10. Daftarini mistari yote mitatu imeandikwa vizuri, sahihi mbilimbili.

Kisha mambo yakaanza kwenda vizuri. Mshipa ukapatikana, chupa ya maji ya chumvi ikaingia, ikafuatiwa na chupa ya damu ya kaka yake. Akafunikwa blanketi, akawekewa chupa za maji ya moto miguuni. Mguu ukanyooshwa kwa kamba na matofali ya kuuvuta. Ilipokaribia saa sita usiku mikono yake ilikuwa imepata joto, presha imepanda, na kilio kimekwisha. Kaka yake alikuwa kwenye benchi, amekunja mkono juu ya kipande cha pamba pale alipotolewa damu. Akasema, "Ashukuriwe Mungu, amepumzika."

Nilipita na karabai. Kifua cha mgonjwa kilipanda, kikashuka, kikatulia. Nikasubiri. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria chupa ya dripu ya kitanda cha jirani ndipo kikapanda tena. Nikatoa saa yangu nikahesabu dakika nzima: pumzi sita. Mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20. Nikamulika macho, mboni zilikuwa zimebana kama tundu la sindano, na nilipoisogeza taa pembeni hazikufunguka. Nikaita, "Baba! Baba!" Kimya. Nikamsugua mfupa wa kifua kwa ngumi. Akafumbua macho, akaniangalia kwa utulivu, wala hakuonyesha kuwa na shida yoyote. Nikamwambia, "Baba, vuta pumzi." Akavuta, pumzi ndefu, ya utii. Akafumba macho, na nyingine haikuja.

"Sista, mwache alale," kaka yake akaniambia, naye amekasirika. "Ameteseka tangu mchana."

"Kaka yangu, akilala hapumui."

"Mbona amelala vizuri?"

Na kweli alikuwa amelala vizuri. Mtu anayekabwa na moshi hupigana. Mwenye nimonia hukaa kitako, hupanua pua, hushika nguo yako asikuache uondoke. Huyu hakuonyesha lolote kati ya hayo. Alikuwa anakwenda, na uso wake umekunjuka kuliko saa yoyote tangu aletwe.

Nilimtuma msaidizi wa wodi mbio kwa daktari, nikaanza kumminyia mgonjwa hewa kwa ule mfuko wa mpira wenye kifuniko cha mdomo na pua. Daktari alifika na koti la mvua juu ya nguo za kulalia. Akauliza jambo moja, "Amechomwa jumla kiasi gani, na wapi?" Nilipomjibu, alikaa kimya kidogo, akaenda akatoa ampuli ya naloksoni. Tulikuwa nazo mbili tu, zilizokuja kwenye kasha la msaada kutoka Ulaya. Aliingiza dawa polepole kwenye mshipa. Haikupita muda, mtu yule akavuta pumzi kwa nguvu, akafungua macho, akapiga kelele za maumivu na matusi ya Kifipa ambayo sijayasikia tena tangu siku ile. Kaka yake alilia kwa furaha.

Daktari hakufurahi. Aliniambia nisiondoke pale kitandani. Naloksoni huifukuza morfini mahali inaposhika, lakini nguvu yake hukaa nusu saa, labda saa moja na nusu. Morfini hukaa saa nne hivi. Kumbe dawa ya kuokoa huondoka kwanza na ile ya kuua hubaki. Kabla ya saa nane za usiku pumzi zilikuwa zimerudi saba. Ampuli ya pili ikaenda. Baada ya hapo hatukuwa na kitu zaidi ya saa yangu ya mkononi, ule mfuko wa mpira na sauti. Pumzi zikishuka chini ya nane, namwita. Akiitika anavuta, asipoitika, naminya. Kaka yake alikuwa ameshaelewa, naye akachukua zamu ya kumwita kwa jina la utotoni. Jogoo walipowika pumzi zilikuwa 14. Mvua za kwanza zilimkuta ameshateremka Muze kwa magongo.

Asubuhi ile daktari alitueleza juu ya chai. Kichwani, chini kabisa pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kuna sehemu inayopima hewa ya ukaa ndani ya damu. Ukikaa bila kuvuta pumzi hewa hiyo huzidi, na sehemu ile hukulazimisha uvute hata kama hutaki. Ndiyo maana hakuna mtoto aliyewahi kujiua kwa kubana pumzi, hata awe mkaidi vipi. Morfini hukaa papo hapo. "Ni kama mlinzi wa ghala la mahindi aliyekunywa pombe ya ulezi," alisema. "Mwizi anapita, mlinzi anamsikia kabisa. Anaona tu haina haja ya kuinuka." Kuna walinzi wengine pembeni mwa shingo, kwenye mishipa mikubwa ya damu, wanaopiga kelele oksijeni ikipungua. Hao nao morfini huwanyamazisha. Hata kikohozi hulala, ndiyo sababu kodeini, ambayo ni ndugu yake, hutiwa kwenye dawa za kifua. Sasa mpe mtu aliyepoteza fahamu, atapike, na matapishi yaingie kwenye mapafu bila kukohoa hata mara moja.

Lakini kwa nini usiku wa manane, wakati sindano zilianza saa mbili? Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho chuoni hatukukifikia. Mwili uliopoteza damu na kupigwa baridi hufunga njia za damu za ngozi na misuli, ubaki na akiba ya moyo na ubongo. Dawa iliyochomwa kwenye msuli kama huo haiendi popote, hukaa pale pale. Mgonjwa haoni nafuu, anaongezewa, nayo ya pili inakaa, na ya tatu. Ukimpa joto na damu, milango inafunguka na miligramu zote 30 zinaingia kwa pamoja. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba daktari wa Marekani, Henry Beecher, aliliandika jambo hili hili mwaka 1944, alipowaona askari majeruhi huko Italia wakisumishwa na morfini waliyochomwa saa kadhaa kabla. Baridi ya milima ya Italia na baridi ya Ufipa, kumbe kazi yao ni moja. Tangu usiku ule, mgonjwa mwenye mikono ya baridi kwetu alipewa morfini kwenye mshipa, kidogokidogo, miligramu mbili, unatazama, mbili, unatazama. Hakuna aliyetoa waraka. Tulianza tu.

Na kuna la pili. Maumivu yenyewe humfanya mtu apumue. Kipimo ambacho mtu anakihimili akiwa anaugulia kinaweza kumzidi mara tu mfupa unaponyooshwa na maumivu kupungua. Kwa hiyo saa ya kumwangalia zaidi ni ile ambayo ndugu wanashukuru na muuguzi anataka kwenda kunywa uji.

Nikiwa na hamu ya kuelewa, niliazima vitabu vya daktari, Kiingereza chake kigumu, nikivisoma zamu za usiku. Nikajua kwamba morfini ilitolewa kwenye utomvu wa afyuni na kijana mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, mwanzoni mwa karne ya 19. Kwamba mahali inaposhika kwenye ubongo palitambuliwa mwaka 1973, mimi nikiwa bado shuleni. Na kwamba mwaka 1975 huko Aberdeen, Uskoti, John Hughes na Hans Kosterlitz walionyesha kuwa ubongo hujitengenezea vitu vyake vya namna hiyo. Hili la mwisho lilinipa mawazo mengi. Niliwahi kumwona mchungaji aliyejeruhiwa na mbogo akitembea nusu siku hadi kwetu, ndipo akaanguka mlangoni.

Moyo na damu navyo vina habari yake, ingawa wengi tulikazana na pumzi. Ukisimama kutoka kitandani, damu hutaka kuteremka miguuni. Vipima presha vilivyo shingoni na juu ya moyo hutoa taarifa, mishipa ya miguu hujikaza, moyo huongeza mwendo, na wewe husikii lolote. Morfini huilegeza mishipa, kwa sehemu kwa kuamsha ile histamini iletayo mwasho. Wakati mwingine utamwona mgonjwa anajikuna pua, mara hii, mara ile, bila kujua. Huupunguza pia mwendo wa moyo, na huchelewesha lile itikio la kujikaza. Akilala chali presha yake ni nzuri, unaiandika kwenye chati unaridhika. Mama mmoja aliyekuwa amepasuliwa tumbo mchana, mtu mzima, mwenye haya zake, hakutaka kuletewa chombo cha haja mbele ya wanawake wenzake. Aliinuka mwenyewe gizani. Tulisikia kishindo. Presha tuliyoikuta pale sakafuni ilikuwa nusu ya ile iliyoandikwa saa moja nyuma. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini kuanzia hapo kila aliyechomwa alifundishwa kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda na kusubiri. Mtu aliyekwisha kupungukiwa damu ndiye hatari zaidi: presha yake imebaki kwa sababu mishipa imejikaza kwa nguvu zote, nawe unamchoma dawa ya kuilegeza.

Pethidini ilitudanganya kwa njia nyingine. Hii ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, na hospitali nyingi za wilaya kwetu ziliizoea kuliko morfini, hasa baada ya upasuaji na wodi ya wazazi. Yenyewe huweza kuukimbiza moyo na kuukausha mdomo, na mboni si lazima zibane sana. Muuguzi aliyefundishwa kutazama mboni ndogo na moyo wa polepole anaweza kumwangalia mgonjwa wa pethidini akaona yu salama, huku pumzi zinapungua. Ikirudiwarudiwa siku kadhaa, hasa kwa mwenye figo dhaifu, masalia yake hujilimbikiza mwilini yakaleta mtetemeko, hata degedege.

Wodi ya wazazi ndiyo iliyonichosha. Mama wa uzazi wa kwanza, uchungu tangu jana, bibi yake mlangoni anauliza, "Mwanangu, mnamwacha hivi hivi?" Unampa pethidini. Dawa hupita kondo la nyuma bila shida, na mtoto akizaliwa saa mbili tatu baada ya sindano, ndipo anapokuwa nayo nyingi. Anatoka mwekundu, moyo unadunda vizuri, amelegea, halii. Bibi akiona hivyo anajua lake. Unamfuta, unamsugua mgongo, unamminyia hewa kwa kile kifuko kidogo, unahesabu kimoyomoyo, na mama anakuuliza kutoka kitandani mbona kimya. Wengi walilia baada ya dakika chache. Mkunga mmoja mzee, aliyefanya kazi Kirando kabla ya kuja kwetu, hakukubali kuichoma mpaka apime njia kwanza. Akikuta uzazi umekaribia, alikaa chini akamkanda mama mgongo mpaka mwisho. Nilimwona mkali. Sasa namwona alikuwa na hesabu sahihi.

Mambo haya yalizaa hofu, na hofu nayo iliua kwa namna yake. Katika hospitali moja mgonjwa alikutwa amefariki alfajiri baada ya kuchomwa. Haikuthibitika kwamba ni dawa, lakini ukatoka msimamo kwamba morfini isitoke kabatini bila daktari kusimama hapo, na daktari alikuwa mmoja kwa wilaya nzima, leo yuko kikaoni, kesho yuko Mbeya. Paketi zikafikisha tarehe ya mwisho zikiwa zimefungwa kwa makufuli mawili. Wakati huohuo wodi ya wanawake ilikuwa na akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo mpaka leo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania. Walifika kwetu ikiwa imekwisha kula. Tiba ya mionzi ilikuwa Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja: basi hadi Tunduma, kisha treni ya TAZARA, kama kuna nauli, kama kuna wa kusindikiza. Wengi hawakwenda. Walipewa Panadol na aspirini. Nakumbuka mmoja wa kutoka Laela aliyejifunga kitenge tumboni kwa nguvu na kukaa amepiga magoti juu ya kitanda, usiku kucha, kwa sababu hapo ndipo palipompunguzia. Kabati lilikuwa hatua chache kutoka kitanda chake. Hilo linaniudhi kuliko yote niliyoyaona.

Maana kwa mgonjwa kama yule hesabu ni tofauti. Morfini ya kunywa, ya maji, huingia polepole. Unaanza na kipimo kidogo kila baada ya saa nne, unapandisha kwa kufuata maumivu, na maumivu hayo yanaizuia dawa isimzidi. Mwili nao huzoea, na pumzi huzoea pia. Kabla mtu hajafikia kuacha kupumua atapitia usingizi mzito usio wa kawaida, na hapo unapunguza. Shirika la Afya Duniani liliiweka morfini kwenye orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, mwaka 1977. Lakini orodha haitembei kwenye barabara ya vumbi.

Walioonyesha njia walikuwa jirani zetu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mjini Kampala, akitumia morfini ya unga iliyokorogwa kwenye maji, dawa ya bei ndogo ambayo mgonjwa aliinywea nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe bila kumsubiri daktari. Kwetu Ocean Road ilifanywa taasisi kamili mwaka 1996, na hospitali kama Selian ya Arusha zikaanza kuwafuata wagonjwa majumbani kwa tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona. Rukwa tulikuwa mwisho wa foleni, kama kawaida. Nilikwenda kwenye mafunzo ya tiba shufaa nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, nikakaa darasani na vijana wenye umri wa wanangu. Mmoja aliuliza kama si dhambi kumpa mtu dawa itakayosimamisha pumzi. Nikanyoosha mkono nikawasimulia habari ya yule mtu wa Muze, na habari ya yule mama wa Laela, nikawauliza nani kati yao alitendewa vibaya zaidi. Walibishana mpaka chakula kikapoa.

Leo hospitali zina kile kidude kinachobana kidole na kutoa namba ya oksijeni. Ni kitu kizuri, ila nawaonya vijana kuhusu tabia yake. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni anaweza kuonyesha namba nzuri, midomo myekundu, huku anavuta pumzi tano na hewa ya ukaa inajaa mwilini mpaka asiamke. Kidude kitalia mwishoni kabisa. Kifua hakidanganyi hivyo. Hesabu dakika nzima, si robo dakika ukazidisha kwa nne. Katika pumzi zilizoachana namna ile, robo dakika inaweza kukuonyesha moja au mbili, na tofauti yake ni kati ya nne na nane. Tena andika, na uandike saa.

Nawe msomaji ambaye hukusomea uuguzi, siku moja unaweza kukabidhiwa chupa ya morfini ya maji kwa ajili ya mzazi wako. Usiiogope na usimnyime. Mpe kwa saa zilizoandikwa, usiongeze kwa kubahatisha, usichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi ambavyo daktari hakuvijua. Anapotaka kusimama, mkalishe kwanza ukingoni. Akilala usingizi usio wake, mwite kwa jina. Asipoitika, tazama saa na uhesabu. Zikiwa chini ya nane, mlaze ubavu, endelea kumwita avute pumzi, na tafuta gari la kumfikisha hospitali hata kama ni saa nane za usiku na mvua inanyesha.